Futikamba

Ilikuwa ya mama mkwe wangu, ya kitambaa, manjano,
namba zake zimefutika kuanzia sita hadi tisa.
Imening'inia shingoni mwangu miaka ishirini na minane
hapa Leicester, juu ya duka la samaki na chipsi,
ngazi kumi na nne, kengele haifanyi kazi, sukuma tu mlango.

Maureen Tebbutt alikuja mwaka wa kwanza, theluji viatuni,
asubuhi anakula nusu balungi na hasira.
"Punguza kiunoni," alisema. "Kufikia Pasaka nitakuwa nimekonda."
Nikapunguza. Pasaka ikafika, Maureen yuko palepale.
Alirudi na gauni ndani ya mfuko wa plastiki,
akaniomba radhi, mimi,
kana kwamba mwili wake ni deni nililomkopesha.

Miaka ile wote walitaka kuwa fito.
Walipanda ngazi na picha walizochana magazetini,
wanawake wasio na makalio, macho yamezama,
nami nawaza: angepita hivi mtaani kwetu Tanga
majirani wangemletea uji.

Kisha upepo ukageuka, sijui nani aliugeuza.
Kirsty, binti wa Maureen yuleyule, akaleta suruali:
"Hapa nyuma, tafadhali, ongeza."
Nikashona sponji mbili, nene kama andazi,
nikicheka kimoyomoyo. Kitu nilichokificha
chini ya koti refu tangu nilipotua uwanja wa ndege,
kitu walichokikunjia pua ndani ya basi,
sasa kinanunuliwa, tena kwa awamu.
Wiki ile nilitembea bila koti.
Baridi ikanikomoa.

Wanaume nao. Zamani mwanamume nikimpima suruali
alitazama dari, aombe liishe.
Siku hizi Callum wa gereji anataka nimpime mkono,
wa kushoto, wa kulia, "pima tena," amebana pumzi,
mishipa imemtoka kama mizizi njiani.
Mayai manane kwa siku. Kuku bila ngozi. Kulala kwa saa.
Shati la harusi ya dada yake limemgomea mabegani.
"Na bado mimi mdogo," anasema,
wala hatanii.

Na nyumbani kwangu:
bibi yake alimwona Salha kwenye simu, akafurahi,
"Mashallah, mjukuu wangu, umenenepa!"
Salha hakugusa chakula cha usiku, siku mbili.
Sifa ileile. Ilivuka maji tu, ikafika tusi.

Mwaka huu ni sindano.
Kila Ijumaa, tumboni, na watu wanapungua kama sabuni.
Maureen ana miaka sabini na mmoja, amepoteza kilo ishirini na tatu.
Kiuno cha Pasaka ile kimewasili,
kimechelewa kuliko treni ya Nottingham.
Gauni alikuwa amelitunza.
Nikamzungushia futi. Akafumba macho. "Sema."
Nikasema.
Akakaa, akalia kidogo, akaomba biskuti,
akaitazama, akairudisha sahanini.
"Sina hamu ya kitu tena," akasema. "Hata hiki."

Jana Salha alilaza futi yangu kando ya rula ya chuma
akaniita kwa sauti ya polisi.
Imevutika. Inchi zake sitini
ni sitini na moja na nusu za kweli.
Kwa hiyo kila kiuno nilichowahi kukitaja
kilikuwa kinene kuliko neno langu;
Maureen nilimpa zawadi bila kujua,
Callum maskini nikamdhulumu misuli.
Na walioteremka ngazi zile wakiimba
waliimba kwa ajili ya uzi uliochoka.

Mpya nimenunua. Iko kwenye droo, bado imejikunja.
Kesho saa nne ana zamu bi harusi.