Waya Ulizoea Kutoa

Waya huu ulilelewa kushuka tu.
Ulitoka kwenye maporomoko ya Hale,
ukapita juu ya mkonge wa Muheza,
ukafika Tanga mjini, ukagawa
hadi taa ya mwisho ya Tongoni.
Hakuna aliyewahi kuuliza: na wewe, umeletewa nini?

Kituo cha kupoza umeme nilimkuta Mzee Semkiwa.
Alinifunza kwa sikio:
transfoma ikishiba hukoroma,
ikilemewa hulia kama nyuki waliochokozwa.
Alikuwa na daftari la jalada gumu,
kila kukatika kwa wino wa buluu:
Makorora, saa moja na robo, kunguru.
Ngamiani, saa nne, haijulikani.
Duga, tangu asubuhi, tumechoka.

Kisha mapaa yakaanza kuota vioo.
Kwanza hoteli ya Raskazone, halafu shule,
halafu Bi Mwanapazi, muuza barafu wa Chumbageni,
aliyeuza minazi ya urithi akanunua paneli kumi na mbili,
akawaambia ndugu zake:
nazi huanguka moja moja, jua huanguka lote.

Adhuhuri umeme ukawa unapanda kinyume,
unapiga hodi mlango usiofungukia upande ule.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, twasema;
lakini mwenyeji wetu alikuwa na kiti kimoja
na fyuzi za kabla sijazaliwa.
Volti zikapanda.
Cherehani ya Fundi Mbaruku ikaungua mota,
suti ya bwana harusi ikabaki na mkono mmoja.
Na likipita wingu
mapaa yote hunyamaza kwa pamoja
kama darasa mwalimu akiingia,
nami nakimbilia swichi, nazima Ngamiani ili Tanga ibaki.
Lazima awepo wa kuchagua nani akae gizani.
Miaka sita, alikuwa mimi.

Simu ya Bi Mwanapazi haikuchelewa:
"Wewe Mwajabu! Samaki wa watu wananuka!"

Mwezi wa Shaaban walichimba mitaro,
watu wakidhani ni mabomba ya maji.
Zikaja nyaya nene, mita zinazosoma pande mbili,
na kasha jeupe la betri, kubwa kama lori,
likawekwa pale pale Semkiwa alipoegesha baiskeli.
Alilizunguka mara mbili,
akaligonga ubavuni kwa kifundo cha kidole.
"Hili ghala," akasema, akaenda kunywa kahawa.
Vijana wa kompyuta walicheka.
Mimi sikucheka.

Jumanne ile wingu lilitoka upande wa Pemba, zito.
Mkono wangu ukaenda kwenye swichi wenyewe.
Kwenye skrini mstari ukaporomoka,
ukayumba,
halafu kitu kikaudaka kwa chini, kama kiganja.
Mkono ukabaki hewani, hauna kazi.
Dakika tano. Kumi. Simu kimya.
Nilihisi upweke kidogo, sitaficha.

Nikalitafuta daftari, nikaandika:
Ngamiani, saa saba na nusu, wingu.
Mbele yake sikujua niandike nini.

Magharibi simu ikalia.
"Mwajabu, kuna nini leo? Mbona haukukatika?
Nami nimeshahamisha samaki wote kwa shoga yangu!
Na hii mita yenu, sijui inasoma nini:
nawadai, au mnanidai?"

Nikatazama. "Unatudai, Bi Mwanapazi.
Shilingi mia nne na sabini."

Akanyamaza. Nyuma yake
nilisikia friji likikoroma, limeshiba.

"Basi niandikie karatasi," akasema, "ugonge na muhuri.
Umri wangu wote sijapata kuidai serikali ikakiri."