Pindo la Bega

Mara ya kwanza lilichomoka Mbezi,
sebuleni kwa mteja, nipo juu ya ngazi
nalivalisha dirisha pazia la mita nne.
Mara ya sita nilikuwa nimelala.
Nilijigeuza tu.

Katikati zipo nyingine, sitaki kuzihesabu.
Ipo ile ya mkandaji wa Buguruni
aliyenikita kisigino kwapani, akavuta,
akasema "tayari," akapokea elfu kumi,
nami nikarudi Mtaa wa Narung'ombe kukata lesi.

Leo Dokta Ngailo ameinua picha kwenye mwanga.
"Bega," anasema, "ni limau juu ya kisosi.
Kinacholizuia lisiporomoke ni ukingo huu laini.
Wako umebanduka, umekuwa kama..."
Anatafuta neno.
Sema pindo, daktari. Pindo limefumuka.
Anacheka. "Haya, pindo."

Lingekuwa pindo tu,
angetoboa matundu matatu, madogo kama ya kifungo,
akapitisha kamera, akapigilia vishikizo mfupani, akashona.
Lakini kisosi chenyewe kimelika upande wa mbele,
kila bega linapotoka linakisaga,
na kitambaa kilicholika hakishiki uzi.
Hilo sikuhitaji kuambiwa.
Basi ni kiraka:
atakata kipande cha mfupa wa jirani,
msuli wake ungali unaning'inia,
akihamishie pale palipopungua,
akikaze kwa skrubu mbili.

"Na nikiacha?"
"Litatoka tena. Na tena. Usipoziba ufa..."
Hakumalizia.
Bei ya ukuta naijua.

Nauliza kovu litakaa wapi.
Nauliza kuhusu nusu kaputi, kama watu huamka wote.
Siulizi swali lenyewe:
nani atapanda ngazi miezi minne,
mkono wangu nimeubeba kwenye kitambaa kama mtoto wa mbelekoni,
na Ramadhani hiyo inabisha hodi,
Dar nzima ikitaka madirisha mapya ya Idi?

Nje, kwenye benchi, yupo Shamsuna wa dukani,
mkoba wangu ameutundika begani kwake.
"Wamesemaje?"
Kiraka.
Ananikodolea macho, akidhani nimerudia habari za kazi.
Kisha anaichukua fomu, anaisoma polepole
kwa kidole chenye alama za sindano,
na pale palipoandikwa "mtu wa karibu"
anajaza jina lake
kabla sijamwomba.