Neno la Kwenye Fomu

Alhamisi saa nne, ghorofa ya pili, juu ya fundi viatu.
Huku Zabrze hata theluji huanguka na masizi.
Nimekuja kwa kuwa shirika la reli limenituma:
vikao sita, vimelipiwa, muhuri upo.
Nikamwambia Bi Halszka, mimi ni mzima.
Akasema, haya,
akasogeza kiti chake upande wa dirisha
tusitazamane kama mahakamani.

Nikamweleza tukio.
Tukio lilitokea saa kumi na moja na dakika nane.
Baada ya tukio nilipiga simu.
Tukio lilichelewesha treni nne.
Chini yetu nyundo ya fundi: ko, ko, ko.
"Hilo neno umelitoa wapi?"
Kwenye fomu, nikasema. Kisanduku cha tatu.

Kikao cha pili sikusema kitu.
Cha tatu nikamlalamikia mke wangu, Otylia,
anayezima redio kila niingiapo
utadhani nimebeba maiti begani.
"Na umebeba?"
Nikavaa kofia, nikaondoka kabla ya wakati.
Nikafika ngazi ya mwisho, nikasimama
katika harufu ya gundi na ngozi,
nikarudi.
Hakuniambia karibu. Mlango hakuwa ameufunga.

Swali lake lilikuwa dogo, karibu la kipuuzi:
mkono wako wa kushoto ulikuwa wapi?
Angeuliza moyo, ningemdanganya.
Mkono!
Ulikuwa kwenye breki, nikasema, niliivuta,
niliivuta hadi mwisho na mwisho haukutosha,
tani mia tatu hazisikii kama farasi,
naye alikuwa anasukuma baiskeli kivukoni,
hakuipanda, aliisukuma,
na kikapuni mlikuwa na vitunguu vya majani,
niliviona, Bi Halszka, niliona hata majani yake,
nikaona mzee anageuza kichwa
kama mtu aliyeitwa jina

mtu.

Nililisikia likinitoka.
Miezi mitano limekaa kooni kama mwiba wa samaki.
Mtu, nikarudia. Mtu.
Mficha maradhi, kilio kikamuumbua:
kilio kibaya, cha chuma juu ya chuma,
hata nyundo ya chini ikanyamaza kusikiliza.
Yeye hakunibembeleza. Hakutazama saa.
Mkono wa kushoto, uliokuwa bado unavuta,
ukafunguka wenyewe juu ya goti langu.

Sijapona, usije ukaniandikia hivyo.
Saa tisa za usiku bado huamka nimekunja ngumi.
Abiria wananisubiri, nami sijui kama nitarudi.
Ila jana Otylia alikuwa jikoni
akikatakata vitunguu vya majani vya kutia kwenye jibini,
nami badala ya kutoka nje kuvuta sigara
nikamwambia, keti kidogo.
Akaweka kisu.
Redio akaiacha inaimba.