Mgeni Njoo

Bandama la Gantulga limepasuka kwa teke la farasi,
na usiku wa Khovd umegandisha vioo.
Nashika mfuko; baridi yake yaning'ata kiganja.
Nasoma namba. Sarnai asoma. Nasoma tena:
herufi moja tu, na figo zitafunga duka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone —
lakini simama kwanza hapo mlangoni.
Waweza kuja na homa. Waweza kumjaza maji mapafuni.
"Mmoja," asema daktari. "Wa pili tungoje."

Robo saa sibanduki.
Tone. Tone. Ngozi haina vipele.
Kucha zilizokuwa jivu
zaanza kuiva, dole gumba likitangulia.

Na aliyetoa? Lebo yasema kundi, tarehe.
Labda sasa anakoroma, mtaa wa pili,
hamjui Gantulga wala farasi.