Pambizo la Ukurasa wa 112

Riwaya ya Lorna Kinloch imenifikia kazini ikiwa prufu,
imebanwa kwa mpira mwekundu.
Kazi yangu ni nukta na mkato.
Hadithi si yangu, ndivyo nilivyoajiriwa.

Nje, Edinburgh inanyesha mvua yake nyembamba,
ile isiyoamua kama ni mvua au ukungu.

Prufu huzisoma kwa kuanzia mwisho.
Ukisoma kinyumenyume hadithi haikubembelezi,
makosa yanabaki uchi.
Basi nimeanza pale binti anaposhinda:
koti la kijani, meza ndefu, wanaume kumi na wawili wa bodi,
naye anawajibu papo hapo maneno
ambayo mimi ningeyakumbuka kesho yake
nikiosha vyombo.

Nikarudi nyuma. Ukurasa wa 140.
Profesa anasahihisha insha kwa mkono mmoja,
mkono wa pili uko kwenye goti la binti.
Hilo halikubuniwa. Nilikuwa darasani.
Nilimwona Lorna akikodolea dirisha
kama anayehesabu vigae vya paa la jirani,
nami nikahesabu naye.
Vigae.
Sikusema kitu. Alikuwa binti wa jaji,
nilidhani jina la babake ni mwavuli.
Mwavuli gani! Mkono ulikuwa ndani yake.

Nikarudi nyuma tena.
"Mwanamke wa usafi akapita na ndoo.
Mikono yake ilikuwa imepasuka. Alinuka klorini.
Binti akaapa moyoni: mimi, kamwe."
Sentensi nne, kila nukta mahali pake.
Hakuna kosa.

Huyo ni mama.
Ngazi za maktaba, saa kumi na moja alfajiri,
na ada yangu ikielea ndani ya ndoo ile.
Klorini ni kweli, mpaka leo ananuka.
Lakini anaitwa Senga,
yaani Agnes lililosomwa kutoka mwisho.
Nyumbani Agnes walikuwepo tayari wawili;
bibi akaligeuza jina
kama mtu anavyogeuza kola iliyochakaa
ili shati livaliwe mwaka mwingine.
Senga alitaka kuchora ramani.
Alijua kila mto unaoshuka kutoka milima ya kaskazini
na mahali unapobadili jina.
Mwalimu akamwambia: wasichana huzikunja ramani,
hawazichori.

Juu ya prufu kuna kikaratasi cha Bwana Farquhar:
"Goti likatwe, wasomaji wamechoka na magoti.
Mwanamke wa ndoo abaki, anatia rangi.
Na huyu binti ana makuu mno, apunguzwe."
Makuu!
Mwanamume akitaka, ana malengo.

Saa nane Lorna akapiga simu.
"Umefika wapi?"
"Mia moja na kumi na mbili."
Akanyamaza. Niliisikia saa ya ukutani kwao,
ile kubwa, ya urithi.
"Farquhar anataka kulikata goti," akasema,
na sauti yake ikarudi kuwa ya miaka kumi na tisa.
"Nifanye nini?"

Ningeweza kumjibu vibaya.
Jibu nilikuwa nalo, la papo hapo, la koti la kijani,
la kwanza maishani mwangu.
Nikasema, "Usikubali."
Kisha, "Nitakupigia."

Kwenye goti nimetia vidoti chini ya kila neno,
na pembeni: *libaki*.
Hiyo ni ruhusa yangu, hata Farquhar anaijua.
Kwenye 112 sina ruhusa yoyote.
Nimeandika pambizoni:
*Mwandishi, huyu ana jina. Unalijua.
Alikupa soksi kavu ile Februari.*

Na chini yake, jina.
Kwa penseli, maana wino si wangu,
wakitaka watalifuta.
Ila nimekandamiza
hadi limetokeza kwenye 113,
pale binti ameshafika kwenye dansi
na ndoo haikumbukwi tena:
kovu jeupe juu ya karatasi nyeupe,
huwezi kulisoma
ila ukipitisha kidole.