Kuvuta Tu

Bamvua lilikuwa limepwa,
na maji yakipwa sana, mlango wa feri upande wa Likoni
hauwi mlango, huwa ukuta.
Magunia manane ya vitunguu kutoka Kongowea.
Mbele Mwarandu, anapiga mluzi watu wapishe.
Nyuma mimi.
Gurudumu likateleza, kwa grisi au kwa ganda, hatukujua.
Mkokoteni ukarudi.
Muundi wangu ukalia
kama muwa unaovunjwa gotini.

Makadara wakanipiga picha.
Ndipo nikauona mfupa wangu mwenyewe,
mwembamba kuliko nilivyoudhania,
na miaka ishirini na sita umenibeba
bila kunidai hata nauli.

Kadzo wa mazoezi, chumba cha mwisho, feni bovu,
ana kiunzi cha plastiki kilichovaa kofia ya kiua.
Mia mbili na sita, akasema, akikigonga kwa kalamu.
Ulizaliwa na zaidi ya hiyo;
mingine ilioana ukiwa bado watambaa.

Nikamwambia: mfupa si ni boriti tu?
Boriti ikikatika haijiungi, akasema.
Pale palipovunjika sasa hivi pana mafundi:
wametandaza gegedu, laini kama chokaa mbichi,
kesho wataigandisha, kisha watachonga kilichozidi.
Usiku kucha wako kazini.
Posho yao ni maziwa na dagaa, kula.

Na misuli? Maana misuli ndiyo mali yangu.
Mimi ni msukumaji.
Akanishika mkono. Kunja. Nyoosha.
Hakuna msuli hata mmoja, akasema,
unaojua kusukuma.
Huu wa mbele huvuta, mkono ukakunjika;
wa nyuma huvuta, mkono ukanyooka.
Mmoja akivuta, mwenzake hulegeza.
Wakivuta wote, hakuna kwendako:
mkono utakakamaa tu, watetemeka,
kama ndugu wawili na shamba la marehemu baba yao.

Usiku wodini sikulala.
Jirani yangu, Mzee Shee, nyonga, alikuwa akikoroma.
Nilikunja mkono gizani, nikanyoosha, nikakunja.
Miaka minane nyuma ya mkokoteni
nikimwonea Mwarandu wivu kwa kuwa yeye ndiye avutaye,
yeye ndiye aonekanaye,
kumbe humu ndani hapakuwa na msukumaji.
Kano zilivuta mifupa, kila moja upande wake,
na jasho likaja likaitwa kusukuma.

Plasta ilipokatwa, mguu ulitoka mweupe-mweupe, una magamba,
paja limenywea kama mfuko uliokwisha unga.
Kadzo akalipima kwa utepe wa fundi cherehani.
Hakusema kitu. Akaandika.
Wiki ya tatu akapima tena, akasema: nusu sentimita,
nami nikatamani kumpigia mtu simu.

Mwarandu ana mwenzake mpya sasa, kijana wa Mtongwe.
Alikuja mara moja, na viazi karai, akaangalia sana dirisha.

Jana nilivuka. Maji yalikuwa yamejaa, mlango umelala.
Mkokoteni wa mtu nisiyemjua ulinipita, mitungi ya maji,
ukasita kidogo pale chuma kinapokutana na saruji.
Gongo likaenda kwapani.
Nikaweka kiganja nyuma ya mbao,
na kutoka kisiginoni hadi begani
nikawasikia wote wakivuta.

Kadzo asiambiwe.