Treni ya Mkesha

Tulikaa Buguruni, upande wa reli,
chumba na sebule, sebule nayo chumba,
na mimi mpaka nakaribia miaka kumi na miwili
nilijua Krismasi huja kwa treni.

Sikubahatisha. Niliisikia.
Kila mkesha, taa ikishapunguzwa,
tumelala mzungu wa nne mimi na Kandidi,
vidole vyake puani mwangu,
ilianzia mbali: tuku-tuku, tuku-tuku,
kimya,
tuku-tuku tena.
"Ipo Pugu," Kandidi ananong'ona.
"Sasa Vingunguti."
Usingizi ukatuiba kabla haijasimama.

Asubuhi nguo zipo juu ya kiti,
zimekunjwa, zina joto bado:
gauni langu la maua ya njano,
shati la Kandidi, maua yale yale,
na dirishani pazia, maua yale yale.
Hatukuona aibu. Tulidhani
nyumba nayo imeletewa nguo.
Tawi la mvinje limesimama kwenye kopo la rangi,
limetandazwa pamba ya hospitali
iwe kitu ambacho Buguruni nzima
hakuna aliyewahi kukishika.

Mwaka niliotimiza kumi na miwili
Mama alinituma kwa fundi Shomvi, saa nne usiku.
"Mwambie nusu hii. Nusu Januari."
Nyumba ya tatu kutoka kwetu, kibanda cha mabati.
Yuko peke yake na kandili,
kofia yake imening'inia msumarini,
miguu peku juu ya pedeli,
macho mekundu kama ya mkata vitunguu vya harusi,
na maua ya njano yanapita chini ya sindano:
tuku-tuku. Tuku-tuku.
Kimya.
Akalamba uzi, akautunga.
Tuku-tuku.

Nilisimama mlangoni, sarafu zinalowa kiganjani.
"Mbona umenuna? Sikukuu si yenu hii?" akaniuliza.
"Mimi nisiyeisali ndiye ninayeikeshea."

Nikarudi na furushi kifuani.
Mama alikuwa uani, anapuliza makaa ya pasi.
Kandidi yuko macho gizani.
"Umeisikia?"
Jibu lilikuwa limeshafika kwenye meno.
"Imepita Vingunguti," nikasema. "Lala."

Usiku ule nilishuka kwenye treni,
nikaanza kuisukuma.

Fundi Shomvi tulimzika mwaka wa mafuriko.
Cherehani iliuzwa kwa kilo, pamoja na sufuria zilizotoboka.
Treni ya sasa ni ya umeme,
inapita kama mtu aliyevua viatu asiamshe wenzake.
Nguo nanunua Kariakoo, zilizoshonwa tayari,
nabishana bei kwenye jasho la Desemba
huku vidole vinahesabu vyenyewe:
ada, kodi, kuku wawili, sukari, kuku mmoja.
Iko miaka naichukia sikukuu hii.
Najiona kama kreti la soda:
nachukuliwa nimejaa,
narudishwa chupa tupu.

Usiku wa mkesha, juzi, Kinyerezi,
umeme ulikatika tangu magharibi.
Saa saba nipo kizingitini, mguu mmoja ndani mmoja nje,
napeta mchele wa pilau, nachambua chuya
kwa tochi ya simu.
Simu ikaita. Kandidi, toka Songea,
mtu mzima, ana mvi kidevuni.
Hakunisalimu.
"Ipo wapi?"
"Pugu," nikamwambia.
Tukanyamaza wote wawili,
salio lake likiisha.

Asubuhi Leokadia akatoka na tongotongo zake,
akautazama uwanja.
Mkavu. Vumbi, na nyayo za kuku aliyebaki.
"Mama, usiku si ilinyesha?
Niliisikia. Krismasi huwa inanyesha kila mwaka."

Ungo ulikuwa bado umeegemea ukuta.

"Ilinyesha," nikasema.
"Kidogo."